Bahasha na Disketi: Programu Ndogo za Kompyuta na Majibu ya Watumiaji Wake

Historia ya kompyuta imezoea kusimuliwa kama historia ya mashine kubwa na makampuni makubwa. Msomaji hupewa habari za IBM, za Apple na za Microsoft, kisha hufikishwa kwenye intaneti kana kwamba katikati hapakuwa na kitu. Katika makala haya tunakusudia kuitazama sehemu iliyo chini zaidi, yaani zile programu ndogo ambazo mtu mmoja aliziandika nyumbani kwake ili kompyuta ya mezani ifanye kazi moja tu: kupanga majina, kubana faili, au kurudisha kilichofutwa kwa bahati mbaya. Tutayatazama hasa maneno ambayo watumiaji waliwarudishia waandishi hao. Jambo hilo si geni katika masomo ya Kiswahili kama mtu anavyoweza kudhani. Programu ni matini, ombi lililoandikwa ndani yake ni matini, na barua ya mtumiaji, pamoja na lawama zake na makosa yake ya tahajia, ni matini vilevile. Mwanaisimu ana la kusema hapo.

Yafaa kwanza kukumbuka hali ya mashine yenyewe. Kompyuta ya mezani ambayo IBM iliitoa mwezi wa Agosti 1981 ilikuwa kama nyumba yenye kuta na paa lakini isiyo na vyombo. Mfumo wake wa uendeshaji, uitwao DOS, uliweza kufuta faili lakini haukuweza kuirudisha; amri ya kurudisha iliingia katika MS-DOS mwaka 1991, katika toleo la 5.0. Kumbe faili iliyofutwa haikuwa imetoweka. Mfumo ulibadilisha tu herufi ya kwanza ya jina lake katika orodha, na mahali pake pakahesabiwa kuwa wazi. Peter Norton alilitambua jambo hilo mapema, akaanza mwaka 1982 kuuza programu zake za kuokoa faili, naye akatajirika kwazo. Programu za Norton, hata hivyo, zilipitia madukani kama bidhaa nyingine. Sisi tunafuata njia nyingine, ambayo haikupitia dukani.

Mwenye kwanza kutajwa ni Jim Knopf, mfanyakazi wa IBM katika eneo la Seattle. Alikuwa amejiandikia programu ya kuhifadhi majina na anwani ili kanisa la mtaani lipate kuchapa karatasi za kubandika juu ya bahasha. Wenzake kazini waliiona, wakaiomba, wakawapa wengine. Punde Knopf akajikuta katika tatizo ambalo halikuwa la ufundi: kila aliporekebisha kosa, ilimpasa kuwaarifu watu wengi kuliko mfuko wake ulivyoweza kuhimili. Ndipo mwaka 1982 alipoandika ndani ya programu yenyewe ujumbe mfupi. Aliwaruhusu watu wainakili na kuwapa wengine. Lakini aliyeiona ina faida, na aliyetaka kubaki katika orodha ya kupelekewa habari, aliombwa atume dola 10 ili kumsaidia mwandishi kubeba gharama. Tuliweke wazi jambo hili, kwa kuwa husahauliwa: fedha haikuombwa kwanza kama bei ya programu. Iliombwa kama gharama ya kuendelea kuandikiana.

Wakati huohuo, upande wa California, Andrew Fluegelman alikuwa ameandika PC-Talk, programu ya kuiunganisha kompyuta na nyingine kwa njia ya simu. Huyu alikuwa mwanasheria na mhariri, na baadaye akawa mhariri wa kwanza wa majarida PC World na Macworld. Wazo lake alilipata kutoka kituo cha televisheni cha KQED cha San Francisco, ambacho huendeshwa kwa michango ya watazamaji. Aliyemtumia disketi tupu pamoja na bahasha yenye anwani na stempu alirudishiwa disketi ikiwa na programu ndani yake, na kuombwa dola 25 kama ameridhika.

Waandishi hawa wawili hawakufahamiana. Aliyewaunganisha ni mtumiaji, ambaye alizipata programu zote mbili, akaona maombi yanayofanana, akamjulisha Knopf. Wakaandikiana, wakakubaliana kutajana ndani ya programu zao na kuomba kiasi kimoja, dola 25. Programu ya Knopf nayo ikabadilishwa jina kuwa PC-File, ili majina yafanane kama ya ndugu. (Kwa Kijerumani *Knopf* maana yake ni kifungo; mwenyewe akalitafsiri jina lake kwa Kiingereza akafanya biashara kama Jim Button. Wapenzi wa maana ya majina watatusamehe kwa kuligusa hilo.) Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa wa desturi hii, jibu la mtumiaji halikuwa nyongeza juu ya kazi iliyokwisha. Ndilo lililoipa umbo.

Ombi hilo kama tendo la lugha lastahili kuchunguzwa. Halikuwa bei, maana asiyelipa aliendelea kutumia. Halikuwa sadaka pia, maana mwombaji alikuwa ametangulia kutoa. Wanaojua likelemba wataelewa kwa urahisi: kinachomfunga mtu pale si karatasi, ni uso wake mbele ya wenzake. Tofauti ni kwamba mtumiaji wa PC-File hakuwa na uso. Alikuwa peke yake mbele ya kioo, usiku pengine, na hakuna aliyemwona akilipita ombi kwa kubonyeza kibonye. Na bado watu walilipa. Baada ya programu hiyo kusifiwa katika jarida mwaka 1983, barua zilimiminika hata Knopf akaacha kazi yake ya IBM mwaka 1984, na kampuni yake ikapata kuajiri watu wapatao 35. Ndani ya bahasha hizo hapakuwa na hundi tupu. Mtu akishachukua kalamu ili atume fedha, huona vyepesi kuongeza mistari miwili: hapa programu imekwama, pale ningependa orodha ipangwe kwa mji. Fedha na neno vilisafiri pamoja, na neno lililosafiri na fedha lilisomwa kwa makini. Hiyo kwa maoni yetu ndiyo siri ya ubora wa programu hizo kuliko wema wa waandishi wake, ambao hata hivyo hatuukatai.

Bob Wallace, aliyekuwa mfanyakazi wa tisa wa Microsoft kabla ya kuondoka mwaka 1983, aliongeza hesabu juu ya desturi hiyo. Disketi ya programu yake ya kuandikia, PC-Write, iliuzwa dola 10. Aliyetaka kuandikishwa alilipa dola 75 na kupewa namba yake. Na ikiwa nakala aliyomgawia jirani ilimfanya jirani naye ajiandikishe, mgawaji alirudishiwa dola 25. Kunakili, ambako makampuni mengine yalikuita wizi, kulikuwa kumegeuzwa kazi ya ujira.

Jina la desturi yenyewe lilileta taabu. Fluegelman alikuwa amelisajili neno lake, freeware, kama alama ya biashara, kwa hiyo wengine hawakuweza kulitumia. Mwaka 1984 Nelson Ford wa Houston aliwaomba wasomaji wa jarida moja wapendekeze jina, na lililopata nguvu ni shareware, ambalo Wallace alikuwa akilitumia na ambalo hakulidai kuwa mali yake. Basi hata jina lilitoka kwa watumiaji. Kwa Kifaransa, Quebec waliunda neno partagiciel, zuri kwa sikio, na Ufaransa wakapendelea logiciel contributif. Maneno hayo mawili hayalingani: la kwanza linatazama kugawana, la pili linatazama mchango. Kwa Kiswahili tunaona programu ya mchango lingefaa kuliko programu ya kushiriki, kwa sababu mchango katika lugha yetu hubeba hiari na wajibu pamoja. Anayeombwa mchango wa arusi anajua kwamba anaweza kukataa, na anajua pia kwamba hawezi.

Si majibu yote yaliyokuja kwa bahasha. Mwaka 1982, katika kampuni ya Apple, kijana Chris Espinosa alikuwa akichora kikokotoo kidogo cha kompyuta ya Macintosh. Steve Jobs alikitazama akakikosoa: mistari minene, rangi ya nyuma nyeusi mno, vitufe vikubwa mno. Espinosa akarekebisha, akakosolewa tena, siku baada ya siku. Hatimaye akabuni hila. Aliandika programu ambayo ndani yake kila kitu cha kikokotoo kingeweza kubadilishwa kwa kuchagua, unene wa mstari, ukubwa wa kitufe, rangi ya nyuma, akampa Jobs acheze mwenyewe. Baada ya dakika kama kumi Jobs akapata alichokitaka, na sura hiyo ikabaki hadi Mac OS 9, miaka mingi baadaye. Kisa hiki huchekesha, nacho kina uzito wake. Jibu la mtu mmoja mwenye madaraka ni la haraka, na huweza kuzaa kitu kizuri. Ila jicho lililoulizwa ni moja tu.

Hapa hatuna budi kuuliza ni nani hasa aliyeweza kujibu. Fomu nyingi za kujiandikisha zilidai dola, na mara nyingi hundi iliyotolewa juu ya benki ya Marekani. Fikiria basi mtumiaji wa Kisangani au Lubumbashi katika miaka ambayo fedha yenyewe ya nchi iliyeyuka mkononi, hata mwaka 1993 zaire mpya moja ikalinganishwa na zaire za zamani 3.000.000. Disketi ilimfikia, kwa kuwa disketi husafiri mfukoni mwa mtu yeyote. Hundi isingeweza kurudi kwa njia hiyohiyo. Na kwa kuwa neno lilikuwa limefungwa pamoja na fedha ndani ya bahasha moja, lililozuia fedha lilizuia na neno. Mtumiaji wa namna hiyo aliweza kuifahamu programu kuliko wengi waliolipa, pengine aliuona udhaifu wake katika majina yenye herufi ambazo mwandishi hakuzifikiria, lakini kimya chake huko ng'ambo kingesomwa kwa namna moja tu: huyu hakulipa. Mfumo uliosifiwa kwa kuwasikiliza watumiaji uliwasikiliza wale ambao benki na posta ziliwasikiliza.

Tuingie sasa katika kisa ambacho kwetu ni kikubwa kuliko vyote, kwa sababu kinaonyesha watumiaji wakiwa hakimu.

Katika miaka ya themanini kompyuta ziliunganishwa kwa simu na vituo vidogo vilivyoitwa mbao za matangazo, ambavyo watu wa kawaida waliviendesha majumbani. Mwendo ulikuwa wa polepole mno. Kwa modemu ya biti 1.200 kwa sekunde, disketi moja ya kilobaiti 360 ilihitaji kama dakika 50 za simu yenye kulipiwa. Kubana faili kulikuwa kuokoa fedha. Mwaka 1985 Thom Henderson, mwenye kampuni ndogo ya System Enhancement Associates, alitoa programu iitwayo ARC, iliyokusanya faili nyingi na kuzibana kuwa moja. Aliyaweka hadharani pia maandishi yake ya ndani, yale ambayo mwanaprogramu huandika kabla ya mashine kuyageuza. Phil Katz, kijana wa Milwaukee, akatoa programu yake, PKARC, ambayo ilisoma faili zilezile kwa kasi kubwa zaidi. Watumiaji wakaipenda. Mwaka 1988 Henderson akamshtaki.

Kelele iliyozuka katika mbao za matangazo ilielekea upande mmoja. Katz alionekana kijana pekee anayeonewa, na Henderson akaonekana kampuni kubwa inayotaka kuhodhi. Kwa kweli kampuni ya Henderson ilikuwa ya kifamilia, ndogo kama ile ya Katz. Waendeshaji wengi wa mbao waliamua kuiacha ARC. Na Katz alipotoa PKZIP mwaka 1989, pamoja na maelezo ya wazi ya umbo la faili zake ili yeyote ayatumie, walizibadilisha hazina zao zote ziwe za aina hiyo mpya. ARC ikafa, si mahakamani, bali katika nyumba za watu.

Na mahakamani? John Navas, mtaalamu aliyepewa kazi ya kulinganisha maandishi ya programu mbili hizo, aliona kwamba PKARC ilitokana na ARC. Mojawapo ya hoja zake ingempendeza yeyote aliyewahi kulinganisha miswada ya tenzi. Wanaprogramu huandika kando ya amri zao maelezo ya lugha ya kawaida, ambayo mashine huyaruka. Maelezo hayo yalifanana katika programu zote mbili, na palipokuwa na kosa la tahajia katika ya kwanza, kosa lilelile lilikuwapo katika ya pili. Kanuni hii tunaifundisha darasani: watu wawili wanaweza kupatia sawasawa kila mmoja kwa nafsi yake, lakini makosa yaleyale mahali palepale hutoka kwa mnakili. Mwaka huohuo wa 1988 pande mbili zikapatana, naye Katz akakubali kulipa na kuacha kusambaza programu yake iliyolalamikiwa.

Kwa hiyo watumiaji walikosea? Jibu letu ni kwamba walikuwa sahihi juu ya jambo walilolijua na wakakosea juu ya jambo wasilolijua. Kwamba PKARC ilikuwa na kasi, kila mmoja alilipima kwa saa yake na kwa hati yake ya simu. Kwamba umbo la faili lililo wazi kwa wote ni salama kuliko lenye mwenyewe, hilo nalo limethibitika. Lakini nani alinakili kutoka kwa nani halikuonekana kutoka kwenye kioo cha mtumiaji. Lilihitaji mtu akae na maandishi mawili, mstari kwa mstari. Sauti zilizokuwa hodari katika la kwanza zilitumia heshima hiyohiyo kuhukumu la pili, na familia moja ikaubeba mzigo. Katz mwenyewe hakupata raha kutokana na ushindi wake. Alifariki mwaka 2000, akiwa na umri wa miaka 37.

Waandishi wa programu za mchango walikuwa wameunda chama chao, Association of Shareware Professionals, mwaka 1987, nacho kikaweka mpatanishi ambaye mtumiaji aliyekosana na mwandishi angeweza kumwandikia. Hatujui sana kama msomaji wa leo atashangazwa na hilo, lakini linastahili kushangaza: mtu aliyelipa dola 25 alikuwa na mahali pa kupeleka shauri lake na kujibiwa na mtu. Kisha intaneti ikaja, na bahasha ikapotea. Tucows, iliyoanza mwaka 1993 huko Flint, Michigan, ilikusanya programu za Windows na kuzipima kwa ng'ombe: bora kabisa ilipata ng'ombe watano. Wafugaji wa Kivu wangelielewa hilo bila tafsiri. Lakini ng'ombe hao walitolewa na wahariri, na nyota zilizowafuata mahali pengine zilitolewa na yeyote. Nyota husema kiasi cha kupenda. Haisemi programu imekwama wapi. Mwaka 2011 hazina kubwa ya Download.com ilianza kuzifungia programu za wengine ndani ya kisakinishi chake, kilichoingiza pia vitu ambavyo mtumiaji hakuviomba. Aliyelalamika kwa nguvu ni mwandishi wa programu iitwayo Nmap, tena kwa maneno marefu yaliyoeleza jambo hatua kwa hatua, na wenye hazina wakaomba radhi. Hazina ya Tucows ilifungwa mwaka 2021.

Alama ya Katz imebaki mahali ambapo wengi hawapatazami. Kila faili ya aina ya ZIP huanza kwa herufi P na K, za jina lake. Nyaraka za programu ya kuandikia ya OpenOffice zimebanwa kwa umbo hilohilo, hivyo nazo huanza kwa herufi hizo. Na OpenOffice ndiyo iliyotolewa kwa Kiswahili mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtu aliyeandika barua ya Kiswahili kwa menyu za Kiswahili mwaka huo aliihifadhi chini ya herufi za kijana wa Milwaukee.

Programu ya Kilinux ni ya aina iitwayo huria, ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi na hayadai mchango wa dola. Hapo jibu la mtumiaji hubadilika tena. Hatumi hundi wala nyota, anaweza kutuma maneno yenyewe. Wataalamu wa Dar es Salaam walichagua istilahi kwa niaba ya wasemaji wote, na kazi yao ni ya kuheshimiwa. Lakini mtumiaji wa Lubumbashi ambaye husema ordinateur (neno ambalo Jacques Perret, mwalimu wa Kilatini, aliwapendekezea IBM ya Ufaransa kwa barua mwaka 1955) hatakubaliana na kila chaguo, wala halazimiki. Katika programu nyingi huria maneno ya menyu yamewekwa katika faili moja ya pekee, na faili hiyo hufunguka kwa programu yoyote ndogo ya kuandikia. Kila neno la Kiingereza lina mstari wake, na chini yake kuna mstari wa kujazwa. Ukiachwa tupu, menyu huonyesha Kiingereza.